Ngungu: picha za setilaiti ziwe shahidi wa mashamba, zisiwe hakimu

Leo mtu mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kuangalia Ngungu kutoka angani bila kuondoka nyumbani kwake. Anaona barabara. Anaona manjanja ya nyumba yanang'aa. Anaona vilima vyenye mashamba madogo madogo ya viazi, maharagi na mahindi, na kando yake malisho makubwa ya ng'ombe. Kitu kimoja haoni: jina la mwenye shamba.

Kwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Ngungu, huko kusini mwa teritwari ya Masisi upande wa kupakana na Kalehe, ni jambo la kufa na kupona. Wakaaji wake wengi wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena. Wako walio katika familia za watu, wako waliozunguka kambi za Goma na Minova, na wako waliorudi wakakuta mtu mwingine analima mahali walipozika wazee wao. Wakati huo huo picha za kutoka angani zinazidi kutumiwa na mashirika ya misaada, makampuni ya madini, watunza misitu na ofisi za serikali. Ramani ya mashamba ya Masisi itachorwa, watu wa Masisi wapende au wasipende. Swali ni nani atakuwepo siku inapochorwa.

Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo inapaswa kuwaogopesha wote wanaotaka amani ya kweli Ngungu, kwa sababu ramani inayochorwa wakati nusu ya watu wako mbali inaweza kugeuza methali kuwa sheria.

Picha hizi zinatoka wapi

Picha za setilaiti si uchawi, na nyingi si siri ya majeshi. Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya kupiga picha za ardhi, Landsat, mwezi wa saba mwaka wa 1972. Tangu 1982 setilaiti za aina hiyo zinatoa picha ambazo kila nukta yake inafunika mita 30 kwa 30. Tangu 2008 picha hizo zote, za zamani na za sasa, zinapatikana bure kwa intaneti. Ulaya nayo ilirusha Sentinel-2 ya kwanza mwezi wa sita 2015, na ya pili mwezi wa tatu 2017. Setilaiti mbili za aina hiyo zikisaidiana zinapita juu ya kila kijiji kila siku 5, na nukta zake ni za mita 10 kwa 10. Nazo ni bure.

Inafaa kuelewa hesabu hiyo vizuri. Shamba la mita 20 kwa 30, kama yale ambayo wajane wengi wanalima, katika picha ya Sentinel ni nukta 6 tu. Katika picha ya Landsat halijazi hata nukta moja. Picha inaweza kusema kwamba kilima hiki kililimwa na kile kilikuwa msitu. Haiwezi kusema mpaka wa majirani wawili unapita upande gani wa mkalitusi.

Ziko picha safi zaidi, zinazoonyesha hata mti mmoja. Hizo zinapigwa na makampuni ya biashara, na kuzinunua ni ghali. Zile zinazoonekana bure kwenye ramani za simu mara nyingi ni za zamani, na mwenye kuangalia hajui siku zilipopigwa. Tena, milima ya Masisi ina mawingu mengi. Kuna miezi ambayo setilaiti inapita mara sita na kurudi na picha ya pamba nyeupe tu. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa mwaka wa 2014, zinapenya mawingu, lakini picha zake zinahitaji mtu aliyefundishwa kuzisoma.

Kwa hiyo anayewaambia wakaaji kwamba “setilaiti imeonyesha mpaka” anawadanganya. Setilaiti inaonyesha rangi na umbo. Mpaka unasemwa na watu.

Ramani za zamani ziliacha madonda

Masisi ina sababu ya kuogopa ramani zinazotoka mbali. Mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ambayo ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Ilikuwa na wenyewe, lakini hawakuwa kwenye karatasi. Mwaka wa 1937 utawala huo ulianzisha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Mpango uliendelea mpaka 1955. Waliohamishwa hawakuchora ramani hiyo, na waliokutwa pale hawakuichora pia. Wajukuu wa pande zote mbili ndio wanaolipa mpaka leo.

Kisha ukaja mwaka wa 1973. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo Mobutu akatangaza kuwanyang'anya wageni mashamba yao, na wenye majina makubwa wakayapata. Mashamba ya walowezi yakageuka maferme ya ng'ombe yenye cheti, na wakulima wa kando wakaitwa wavamizi kwenye vilima ambavyo babu zao walifyeka.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu chake cha 389, iliahidi kwamba haki za watu wanaotumia ardhi kwa desturi zitapangwa na amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Miaka zaidi ya 50 imepita. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, lakini mkulima wa Ngungu akienda mbele ya mwenye cheti cha usajili hana kitu mkononi isipokuwa neno la mzee wa kijiji, au kikaratasi cha mauziano kilichotiwa sahihi na mashahidi ambao wengine wameshakufa. Mwaka wa 1993, vita vilipoanza Ntoto katika Walikale na kuingia Masisi, ardhi ilikuwa ndani ya ugomvi. Imekuwa ndani ya kila vita vilivyofuata.

Shahidi ambaye hakukimbia

Pamoja na hayo yote, picha za setilaiti zinaleta kitu ambacho mkulima wa Masisi hakuwahi kuwa nacho: shahidi ambaye hakukimbia.

Mfano ni huu. Familia imekimbia mwaka wa 2023. Inarudi na kukuta kilima kimefungwa kwa senyenge na ng'ombe wanachunga. Aliyefunga anasema palikuwa pori, hapakulimwa kamwe. Zamani ugomvi ungeishia kwa nani ana ndugu mwenye bunduki. Lakini picha za mwaka wa 2017, 2019 na 2021 zipo. Zinaonyesha kilima hicho kikibadilika rangi kwa majira: ardhi tupu wakati wa kulima, kijani wakati wa mazao, kahawia baada ya mavuno. Pori halifanyi hivyo. Malisho hayafanyi hivyo. Picha haitasema shamba lilikuwa la nani, lakini itasema wazi kwamba palilimwa, na uongo wa kwanza utaanguka.

Kilichobaki watu watakisema. Majirani wa juu na wa chini, mzee aliyegawa, mama aliyekuwa akikodi kipande cha pembeni, mchungaji aliyepitisha ng'ombe kila jioni: maneno yao yakikutana na picha, yanapata nguvu ambayo peke yake hayana.

Ushahidi huo unafaa pia mbele ya madini. Kanuni ya madini ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa 2018, inagawa nchi yote katika viwanja vya mraba kwenye ramani, kila kimoja karibu hekta 85. Ofisi ya CAMI inaandika vibali kwa kuhesabu viwanja hivyo. Mtu anaweza kukaa Kinshasa akaomba viwanja kadhaa bila kukanyaga tope la Masisi. Sheria inamlazimisha kulipa fidia kwa wanaotumia ardhi ya juu. Lakini atalipa nani, kama hakuna kitu kinachoonyesha kwamba watu walikuwa wanalima pale?

Hatari ya kilima kinachoonekana tupu

Upande wa pili wa shilingi ni mbaya. Shamba lililoachwa miaka miwili Masisi linarudi kuwa majani marefu. Mtaalamu aliyeko Ulaya au hata Goma, akiangalia picha ya sasa peke yake, ataandika: ardhi isiyotumika. Nyumba zilizochomwa hazionekani tena, kwa hiyo ataandika: hakuna wakaaji. Karatasi yake ikiingia katika mpango wa kupanda miti, wa malisho ya kisasa au wa kugawa viwanja, familia iliyokimbia itakuwa imepoteza shamba mara mbili, mara ya kwanza kwa risasi na mara ya pili kwa kalamu.

Mambo kama haya yameonekana hata mahali pasipo vita. Kibera, mtaa mkubwa wa watu wa Nairobi, ulikuwa kwenye ramani kama mahali patupu, kana kwamba ni msitu, mpaka mwaka wa 2009 ambapo vijana wa mtaa huo walianza kuuchora wenyewe, njia kwa njia, shule kwa shule. Kama maelfu ya watu waliweza kukosekana kwenye ramani katikati ya mji mkuu wa Kenya, itakuwaje kwa lokalite ya milimani ambayo barabara yake hukatika kila mvua kubwa?

Kuna hatari nyingine ambayo wakaaji wa Ngungu hawahitaji kufundishwa. Ramani nzuri inamfaa pia mwenye silaha. Orodha ya mashamba yenye majina ya wenyewe inaweza kuwa orodha ya watu wa kutozwa kodi usiku. Na utawala umebadilika mikono mara nyingi: cheti kilichotolewa chini ya bunduki ya leo kinaweza kuchanwa na bunduki ya kesho.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kazi hii ingojee amani. Hofu yao ni ya haki. Kuanza sasa kugawa vyeti na kupiga mawe ya mipaka kungekuwa kumwaga petroli juu ya moto. Lakini kungoja kila kitu nako kuna bei. Wazee wanaojua mipaka wanakufa, wengine kambini, na kila mmoja anaondoka na kilima chake kichwani. Wenye pesa hawangoji. Jibu liko katikati: kukusanya ushahidi sasa, na kuamua umiliki baadaye, mbele ya ofisi zinazokubaliwa na wote.

Namna ya kufanya

Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Katika kijiji cha Ilalasimba, huko Iringa nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 2010, vijana wa kijiji walifundishwa kutumia simu zenye picha ya setilaiti. Walitembea kwenye mipaka pamoja na mwenye shamba na majirani zake, wakaandika mbele ya wote, na baadaye watu wakapata hati za hakimiliki ya kimila. Tanzania ilikuwa na sheria ya ardhi ya vijiji tangu 1999, na ilikuwa na amani. Ngungu haina hivyo viwili. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi, ya kutembea pamoja na kukubaliana, inawezekana mahali popote ambapo watu bado wanasalimiana.

Hata karibu zaidi, katika misitu ya Walikale, jamii zimekuwa zikichora ramani zao. Amri ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa desturi mpaka hekta 50,000, na moja ya masharti ni ramani iliyochorwa pamoja na wenyeji na kukubaliwa na majirani. Pale ambapo majirani hawakuitwa, ramani imekuwa chanzo cha kesi. Masisi ijifunze kwa jirani wake.

Kwa Ngungu, hatua ya kwanza ni majina. Picha ichapishwe kubwa, ibandikwe ukutani kanisani, shuleni au sokoni, na watu waandike majina ya vilima, vijito, vivuko, makaburi ya wazee na njia za ng'ombe. Kilima chenye majina mawili kiandikwe yote mawili. Jina halimpi mtu shamba, lakini linaondoa neno “tupu” kwenye ramani.

Hatua ya pili ni kuita wote. Kamati ya Wahunde peke yao, au ya Wahutu peke yao, itazaa ramani ya vita. Watembo, Watutsi, Wanyanga na Wambuti wawemo. Wakulima wawemo na wafugaji wawemo. Wanawake wasiitwe kupika chai ya kikao. Wao ndio wanaoshika jembe na wanajua kila tuta, na mjane ambaye jina lake halikusemwa siku hiyo atafukuzwa na shemeji siku nyingine.

Hatua ya tatu ni kuwafuata walio mbali. Nakala ya picha ipelekwe waliko wakimbizi wa ndani, wale watu wanawaita madeplase, nao waonyeshe walipolima na mwaka walipoondoka. Mahali ambapo watu wawili wanaonyesha kipande kimoja pasifichwe na pasiamuliwe. Papakwe rangi ya peke yake, na paandikwe “ugomvi”. Ramani inayokubali kwamba kuna ugomvi ni bora kuliko ile inayodanganya kwamba umeisha.

Hatua ya nne ni kutenganisha ramani na majina ya watu. Karatasi ya kuonyesha hadharani ibaki na vilima na matumizi ya ardhi. Daftari la nani alilima wapi likae mbali nayo, nakala zake zitunzwe sehemu tatu zisizoweza kuchomwa usiku mmoja, na moja iwe nje ya Masisi. Picha za zamani za miaka kabla ya kukimbia zipakuliwe na kuhifadhiwa pamoja na tarehe zake, kwa maana picha isiyo na tarehe haina nguvu mbele ya hakimu.

Mashirika yanayokuja na kompyuta na vesti nao wana deni. Anayechora ramani ya Masisi na kuondoka nayo bila kuacha nakala kijijini amefanya kile kile CNKi ilifanya, hata kama nia yake ni njema. Kabla ya kuandika “ardhi isiyotumika” aulize swali moja: watu wa hapa walikuwa wapi siku picha ilipopigwa?

Machifu nao wana kazi ngumu. Baadhi wameuza kilima kimoja kwa watu wawili, na picha za zamani zitawaumbua. Hao watakuwa wa kwanza kusema setilaiti ni mambo ya wazungu. Wakaaji wasikubali. Chifu aliyegawa vizuri hana cha kuogopa kwenye picha, na siku ya kikao yeye ndiye atakayehitajika kuliko mashine yoyote, kwa sababu anakumbuka nani alipewa na mbele ya nani.

Setilaiti itapita tena juu ya Ngungu wiki hii, na wiki ijayo. Itapiga picha ya kilima kilicholimwa na kilima kilichoachwa bila kuuliza sababu. Kuandika sababu hiyo ni kazi ya watu wa Ngungu wenyewe, walioko na walio mbali, na inafaa waianze wakati wazee wanaokumbuka bado wanaweza kupanda kilima na kuonyesha kwa mkono.